Kojani, Kiti Kikiwa Wazi

Gari ya Wete hujaa polepole pale stendi ya Chake Chake. Watu wanapanda na mafurushi yao, kondakta anapanga na kupangua, dereva amekaa nje kivulini akingoja abiria wa mwisho. Aliyekaa ubavuni mwangu alikuwa amepakata bunda la nyavu mpya za kijani, na karibu kila aliyepanda alizishika, akazivuta kidogo kupima uzi, kisha akauliza bei. Nikajua safari yetu ni moja.

Mji tuliokuwa tukiuacha uliwahi kuitia Zanzibar nzima tumbo joto kwa kura moja. Januari 1961 jimbo la Chake Chake lilikwenda kwa Afro-Shirazi kwa tofauti ya kura hiyo moja tu. ASP wakapata viti 10, Hizbu (ZNP) viti 9, na ZPPP, chama kilichokuwa na nguvu zake huku Pemba, viti 3. Wale watatu wa ZPPP wakagawanyika, wawili upande wa Hizbu na mmoja upande wa ASP, hesabu ikasimama 11 kwa 11, na hakuna aliyeweza kuunda serikali. Uchaguzi ukarudiwa Juni, na machafuko yaliyozuka Unguja yakaua watu 68. Kila nipitapo Chake Chake namuwaza mtu mmoja aliyekuwa na haki ya kupiga kura siku ile ya Januari lakini akawa shambani, au mgonjwa, au baharini.

Huyo wa baharini ndiye aliyenipeleka Kojani. Nimeandika habari za chaguzi za Zanzibar kwa muda mrefu, na mara nyingi tumeziandikia mjini: hoteli ya Bwawani zilikokuwa zikitangazwa kura, Maisara na Kibandamaiti inakofanyika mikutano, Dodoma wanakopitishwa wagombea wa CCM. Nilitaka kuutazama ushindani wa kiti kikubwa kutoka kwenye kisiwa ambacho wanaume wake huishi sehemu kubwa ya mwaka mahali pengine.

Na kiti chenyewe ni kipi? Kojani iko wilaya ya Wete, Mkoa wa Kaskazini Pemba. Mkoa una mkuu wake, lakini huyo hapigiwi kura, anateuliwa na Rais wa Zanzibar. Kwa hiyo anayegombaniwa huku, anayelingana na gavana wa majirani zetu wa Kenya, ni Rais mwenyewe wa Zanzibar. Katiba ya 1984 inampa vipindi viwili vya miaka mitano mitano. Salmin Amour aliingia 1990, akamaliza 2000. Amani Abeid Karume akamaliza 2010, Ali Mohamed Shein 2020. Kiti kimekuwa kikibaki wazi kila mwaka unaoishia na sifuri, na Dk. Hussein Ali Mwinyi, aliyepata kipindi chake cha pili Oktoba 2025, atamaliza 2030. Uchaguzi mmoja umekwisha juzi tu, na tayari mwaka huo wa 2030 niliusikia ukitajwa ndani ya gari, baina ya bei ya nyavu na bei ya karafuu.

Barabara inapita kwenye mikarafuu na mabonde ya mpunga, kisha ikakata mashariki kuelekea pwani. Kojani ni kisiwa kidogo kilichojibanza ubavuni mwa Pemba, na mkondo unaovitenga si mpana. Ukisimama ng'ambo ya huku unaziona nyumba, zimesongamana hadi ukingoni mwa maji. Tulivuka maji yakiwa yamejaa. Mvushaji alisukuma kwa pondo bila haraka, kina mama wamekaa katikati na vikapu vyao, mwenye nyavu amesimama mbele, na salamu zikaanza kupigwa kabla hatujafika. Kaskazi lilikuwa likivuma kwa upole na jua lilikuwa kali.

Ukishuka unaingia moja kwa moja kwenye vichochoro. Nyumba na nyumba zinakaribiana kiasi kwamba watu wawili wakikutana mmoja hulazimika kujipinda. Watoto ni wengi mno, wanatoka kila mlango. Mgeni haulizwi jina kwanza, anaulizwa anakwenda kwa nani. Nilisema natafuta manakhodha, nikaelekezwa dikoni.

Pale dikoni mashua moja ilikuwa imepandishwa juu na fundi amechutama chini yake akikalafati. Nilisimama kumtazama kwa muda. Anachukua pamba, anaisokota juu ya paja mpaka iwe uzi mnene, anaichovya kwenye mafuta, anailaza juu ya mwanya wa mbao mbili. Kisha anaweka chembeu na kuigonga kwa nyundo ya mti, taratibu, akisogea kidogo kidogo. Ukiizamisha mno pamba inatokezea ndani ya chombo, ukiiacha juu wimbi la kwanza linaing'oa. Aliponiona nimesimama sana akanieleza bila kuinua macho kwamba mashua ile inakwenda dago, na dago haiendi mashua inayovuja.

Mashua ikienda dago huondoka na mabaharia wake wote, na vyungu, na mchele, na hukaa huko wiki kadhaa au miezi. Wakojani wanajulikana kwa hilo pwani nzima: Unguja, Mafia, Tanga, Mtwara, na ng'ambo ya mpaka, Vanga, Shimoni, Mombasa mpaka Lamu. Ukila nguru au papa mkavu mahali popote katika pwani hii, huenda mkono wa Mkojani ulipita hapo. Nchi kavu Kojani haina nafasi ya kulima kwa watu wote hawa. Shamba lao ni bahari, nalo halikai mahali pamoja.

Nakhodha mwenye mashua ile alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe, amekaa kwenye gogo na wenzake wawili. Nikampa salamu, akanijibu, akaniuliza kama natoka Tume ya Uchaguzi. Nikamwambia natoka gazetini.

"Basi kaa, mwanangu. Wa Tume tunamwamkia akiwa amesimama."

Nilimuuliza habari za 2010, kwa sababu kwangu mimi hakuna uchaguzi wa kiti kilichobaki wazi uliokuwa na maana kubwa zaidi kwa Pemba. Wagombea wawili wakubwa wote walikuwa Wapemba: Dk. Shein wa Chokocho, kusini, wilaya ya Mkoani, na Maalim Seif Sharif Hamad wa Mtambwe, wilaya hii hii ya Wete. Novemba 2009 Rais Karume na Maalim Seif walikuwa wamekutana Ikulu na kupeana mikono. Julai 31, 2010, Wazanzibari wakaulizwa katika kura ya maoni kama wanataka Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na asilimia 66.4 wakasema ndiyo. Anayeshinda awe Rais, chama kinachofuata kitoe Makamu wa Kwanza. Kwa mara ya kwanza tangu mfumo wa vyama vingi urudi, mtu aliweza kwenda kituoni akijua kwamba akishindwa hatatupwa nje ya nchi yake mwenyewe.

"Mwaka ule nlikuwa dago, upande wa Tanga," akasema. "Oktoba kusi limelegea, bahari shwari, samaki wapo. Ndio wakati wa kuvua huo. Lakini vijana wakaniambia, nakhodha, sisi tunarudi. Ntasemaje? Nakhodha anayemzuia mtu asende kupiga kura hapati baharia msimu unaofuata. Tukafunga nyavu, tukarudi sote."

Wakarudi wote, lakini hawakupiga kura wote. Wanne, alisema, majina yao hayakuwamo. Hakulalamika kwa kelele. Alilitaja jambo lile huku akiangalia chembeu ya fundi, na nilipomuuliza kwa nini hayakuwamo akasema, "Waliambiwa hawakai hapa."

Matokeo ya uchaguzi ule wa Oktoba 31, 2010, yalitangazwa kesho yake, Novemba 1. Shein kura 179,809, Seif kura 176,338. Asilimia 50.1 kwa 49.1. Tofauti ni kura 3,471. CUF, chama cha Maalim Seif, walichukua majimbo yote 18 ya Pemba, na bado kiti kikubwa kikaenda upande wa pili. Maalim Seif alikubali, akaapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais, na mwaka ule hakuna aliyezikwa kwa sababu ya kura. Hilo ni jambo kubwa, na nataka lisipite hivi hivi, kwa kuwa tunajua yaliyotokea miaka 10 nyuma yake.

Nikamuuliza nakhodha mashua ya uvuvi wa mtando inachukua watu wangapi. Ishirini, akasema, na ikiwa kubwa zaidi ya thelathini. Nikapiga hesabu mbele yake. Kura 3,471 ukizigawa kwa majimbo 50 yaliyokuwepo wakati ule, kila jimbo linapata kama kura 69. Hizo ni mashua mbili au tatu. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akawaambia wenzake, "Mmesikia? Mbili tatu tu."

Sisemi kwamba Kojani ingebadilisha matokeo ya 2010. Hakuna awezaye kujua wale wanne wangempa nani, na si kila Mkojani ni wa chama kimoja. Ninalosema ni kwamba katika visiwa ambavyo 1995 mshindi alipata asilimia 50.2 na 2010 asilimia 50.1, swali la nani yumo kwenye daftari lina uzito sawa na swali la nani yumo kwenye karatasi ya kura. Mikutano, nyimbo, kanga na fulana tunaviona. Daftari halionekani, na kazi yake huisha miezi mingi kabla ya kampeni kuanza.

Sheria ya uchaguzi ya Zanzibar inamtaka mpiga kura awe amekaa ndani ya jimbo miezi 36 mfululizo. Anatakiwa pia awe na Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, na anayemthibitisha kuwa ni mkaazi ni sheha wake. Kwa mwenye duka Wete au mwalimu wa skuli ya Chwale, miezi 36 si kitu, inapita mwenyewe akiwa kitandani kwake. Kwa baharia wa Kojani kila mwaka unaanza upya: ametoka na kaskazi, amerudi Ramadhani, ametoka tena baada ya Idi. Je, amekaa au hakukaa? Jibu haliandikwi na bahari. Linaandikwa mezani, na mtu anayeweza kumpenda au kutompenda. Sheha huyo anateuliwa na Mkuu wa Mkoa, na Mkuu wa Mkoa anateuliwa na Rais. Kwa hiyo mnyororo unaoanzia kwenye kile kiti kinachogombaniwa unafika mpaka kwenye meza anayosimama kijana wa Kojani kuulizwa analala wapi. Masheha wengi ni watu wema na wanawajua watu wao vizuri kuliko daftari lolote. Lakini haki ya mtu isitegemee wema wa mtu mwingine.

Huko dago hali ni nyingine. Zanzibar ina daftari lake na Muungano una lake, kwa hiyo baharia aliyejiandikisha Tanga anaweza kumchagua Rais wa Jamhuri ya Muungano, asiweze kumchagua Rais wa Zanzibar, ambaye ndiye mwenye amri juu ya skuli ya watoto wake, hospitali anayojifungulia mkewe, na leseni ya mashua yake.

Mchana nilikaribishwa nyumbani kwa nakhodha. Bimkubwa, mkewe, alikuwa barazani akisuka ukili, vidole vinakwenda peke yake huku macho yako kwetu. Nilipotaja vitambulisho akaingia ndani, akatoka na kopo la bati la maziwa ya unga. Ndani mlikuwa na vitambulisho vya wanawe na wakwe zake, vimefungwa pamoja kwa mpira, vingine vimeviringishwa nailoni.

"Havendi baharini hivi," akasema. "Maji ya chumvi yanaviharibu, na kikipotea kukipata kingine ni mwezi mzima wa kwenda na kurudi. Mie ndiye ninayevitunza. Akija mtu wa kuandikisha, namtumia mtoto salamu aje. Akiwahi, kawahi."

Nilimuuliza yeye amepiga kura mara ngapi. Zote, akasema, hakuwahi kukosa hata moja tangu 1995. Ndipo nikaona jambo ambalo sikulitegemea: Kojani, wanawake ndio wakaazi ambao hakuna awezaye kuwabishia. Wanaume wakiwa Mafia au Shimoni, wao wapo, majina yao yanasimama, na siku ya kura mstari wao ndio mrefu. Wagombea wanaokuja hapa na kuzungumza na manakhodha dikoni tu wanazungumza na watu ambao nusu yao hawatakuwepo. Bimkubwa alisema mahitaji yake kwa ufupi: mkunga, maji, na boti ya kuvusha mgonjwa usiku. Alisema vile vile amewahi kuyataja mbele ya wagombea wa vyama viwili.

Baada ya alasiri mazungumzo yaligeukia 2001, na hayakuanzishwa na mimi. Uchaguzi wa 2000 nao ulikuwa wa kiti kilichobaki wazi. Salmin Amour alikuwa amemaliza muda wake, jitihada za kumwongezea zilikataliwa ndani ya chama chake, Karume akapitishwa, na CUF wakayakataa matokeo baada ya kura kurudiwa katika majimbo 16 ya mjini Unguja. Januari 27, 2001, watu walipoandamana, askari walipiga risasi Wete, Micheweni na Chake Chake. Tume iliyoongozwa na Brigedia Hashim Mbita ilihesabu vifo 31. Human Rights Watch ilisema si chini ya 35. Zaidi ya watu 2,000 walikimbilia Shimoni, Kenya, wengi wao kwa vyombo vya uvuvi.

Mmoja wa wale wazee wawili, ambaye mchana kutwa hakusema neno, alisema chombo chake kilivusha. Akataja walichobeba: magodoro, mtungi wa maji, Msahafu, mbuzi mmoja. Wanawake walikaa chini kabisa, juu ya nyavu. Hakuongeza lolote, na hatukumwuliza.

Miaka 20 baadaye kiti kikawa wazi tena. Julai 2020, baada ya zaidi ya watu 30 kuchukua fomu ndani ya CCM, Dodoma ilimpitisha Hussein Mwinyi, waziri wa ulinzi wa Muungano na mtoto wa Mzee Ali Hassan Mwinyi aliyewahi kukikalia kiti hicho hicho kati ya 1984 na 1985. Maalim Seif aligombea mara ya sita, safari hii kwa ACT-Wazalendo. Siku chache kabla ya kura ACT walisema raia wameuawa kwa risasi Pemba, Polisi wakakanusha. Upinzani ulilalamika kwamba watu wengi waliachwa nje ya daftari kwa kukosa kitambulisho kipya. Matokeo: Mwinyi kura 380,402, Seif kura 99,103. Karibu Pemba yote, na Kojani ndani yake, ikahesabiwa kuwa ya CCM. Mgombea aliyepata kura zaidi ya laki moja na sabini mwaka 2010 akabaki na pungufu ya laki. Nimewauliza watu wa pande zote mbili namna yalivyotokea hayo, hapa Kojani na kwingineko, na sijapewa bado maelezo ambayo upande wa pili unaweza kuyasikiliza mpaka mwisho. Desemba 2020 Maalim Seif alikubali tena kuwa Makamu wa Kwanza. Februari 17, 2021, akafariki, akazikwa kwao Mtambwe. Manakhodha waliniambia walikatisha dago kwenda kumzika.

Magharibi ilipokaribia alikuja kijana wa nakhodha, mtoto wa nduguye, aliyekuwa amerudi karibuni kutoka pwani ya Kenya. Yeye ndiye aliyetumia neno gavana. Agosti 2022 alikuwa Shimoni, kaunti ya Kwale, na aliyaona yote kwa macho yake. Mwaka ule viti vitatu vya pwani vilikuwa wazi kwa mpigo, kwa kuwa Katiba ya Kenya ya 2010 nayo inampa gavana vipindi viwili tu. Kwale alikuwa anamaliza Salim Mvurya, na naibu wake Fatuma Achani akashinda, gavana wa kwanza mwanamke katika kaunti ile. Kilifi Amason Kingi alimpisha Gideon Mung'aro. Mombasa Hassan Joho alikuwa amemaliza, kura zikaahirishwa mpaka Agosti 29, na Abdulswamad Nassir akamshinda Hassan Omar.

"Kule gavana anaombwa kura mpaka kwenye gati," kijana akasema. "Anakuja, anashuka, anataja barafu, anataja mashine, anataja soko. Akishafika kwetu watu wake wanamwambia hawa Wapemba, hawana kura. Anatupungia mkono, anapita."

Alilisema bila chuki. Nami nilijua kwamba maneno yale hayakuwahusu wageni wa msimu tu. Kenya kulikuwa na maelfu ya Wapemba ambao wazee wao walivuka kabla hata ya uhuru wa nchi ile wa 1963, watoto na wajukuu wamezaliwa Kwale na Kilifi, na hawakuwa raia wa popote. Bila kitambulisho mvuvi hapati leseni ya kuvulia, na mtoto akimaliza masomo hana anakokwenda. Mwaka 2023 serikali ya Rais William Ruto iliwatambua kuwa miongoni mwa jamii za Kenya, na Julai mwaka huo wakaanza kukabidhiwa vitambulisho, watu wanaokisiwa kuwa 7,000. Safari ijayo gavana akishuka gatini hatawapita.

Nikamtazama kijana yule na nikaona uzito wa jambo lililonileta. Binamu yake aliyezaliwa Shimoni atamchagua gavana wa Kwale. Bimkubwa barazani atamchagua Rais wa Zanzibar. Yeye, anayemvulia huyu na kumletea pesa yule, anaweza kukosa kote kuwili, na si kwa kosa alilofanya. Alikuwa kazini.

Nadhani Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar ina uwezo wa kulirekebisha hili bila kusubiri vurugu ilazimishe muafaka mwingine. Ukaazi wa mvuvi upimwe kwa nyumba yake, mke na watoto wake, chombo kilichosajiliwa kwenye diko lake, na isiwe usiku aliolala ng'ambo ndio unaomtoa. Uandikishaji upangwe kwa kalenda ya bahari: wavuvi wa taa hurudi nyumbani mwezi ukipevuka, na wengi zaidi hurudi kwa Idi, hilo linajulikana kwa kila mtoto wa Kojani. Na anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi, mkononi mwake, apate pa kukata rufaa kabla mashua haijaondoka. Wanajeshi na watendaji wa uchaguzi wamewekewa siku yao ya kura ya mapema kwa kuwa kazi yao inawatoa vituoni. Mvuvi naye kazi yake inamtoa.

Niliyasema haya pale dikoni na nakhodha aliyasikiliza yote. Kijana alikuwa ameanza hesabu zake kwa vidole. Uchaguzi ukiwa Oktoba 2030, alisema, miezi 36 inarudi nyuma mpaka Oktoba 2027. Na Kenya wanapiga kura Agosti 2027. Tajiri wake ana mashua mbili huko na atazitaka zikae msimu mzima, kwa kuwa wakati wa kampeni samaki wanauzika sana.

"Basi mie nirudi Septemba," akasema. "Ami, nani atashika nafasi yangu kwenye mtando?"

"Mdogo wako," nakhodha akajibu.

"Mdogo wangu 2030 atakuwa keshatimia miaka 18. Naye anataka kura yake."

Nakhodha akamgeukia fundi aliye chini ya mashua, akamuuliza kama kazi itakwisha kesho, maana keshokutwa asubuhi maji yakijaa wanaondoka.